Fyuzi Ikikatika



Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo sana. Urefu wake ni kama upana wa kidole gumba, nacho ni chembamba kuliko kalamu ya risasi. Ni kijibomba cha kioo chenye vifuniko viwili vya madini, kimoja kila upande, na ndani yake umepita uzi mwembamba kama unywele. Jina lake ni fyuzi. Imo katika kikuza sauti kinachopiga santuri, imo katika redio kubwa zinazotumia umeme wa nyumba, imo katika mashine za arusini na za kwaya. Ikiwa nzima, hakuna aikumbukaye. Ikikatika, mashine hunyamaza ghafula, taa yake huzimika, na watu wote wa nyumbani hutazamana.

Kunyamaza kwa mashine si hatari. Hatari iko katika lile jambo tulifanyalo baada yake. Nami sisemi haya kama mtu asiyeguswa nayo. Mimi ni mwalimu katika chuo cha kufundishia walimu, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu habari za umeme kwa chaki na ubao. Walakini somo la fyuzi nililijua barabara siku lilipotaka kuteketeza nyumba ya jamaa zangu. Basi niwape kwanza kisa hicho, kisha tutaeleza kazi ya fyuzi, na mwisho jinsi mtu wa kawaida awezavyo kuibadili kwa usalama.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kupumzika kwa mjomba wangu, katika kijiji kimoja cha pwani. Mjomba alikuwa na kikuza sauti na spika mbili, na hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake. Alikikodisha kwa arusi na sherehe nyingine, na kwa fedha hizo aliwalisha watoto wake na kuwalipia ada ya shule. Siku ya pili ya kufika kwangu palikuwa na arusi kwa jirani. Kikuza sauti kiliwekwa katika chumba cha mbele cha nyumba ya mjomba, karibu na dirisha, na nyaya zake zikapitishwa dirishani mpaka uani kwa jirani. Na kwa kuwa wageni walikuwa wengi, mjomba aliazima spika mbili zaidi, akaziunga pamoja na zake, zikawa nne.

Yapata saa tatu za usiku, shangwe ilipokuwa imepamba moto, mashine ikanyamaza. Nikaichomoa, nikafungua kijumba cha fyuzi nyuma yake, nikaona uzi umekatika katikati. Juu ya kifuniko chake paliandikwa ampea 2. Maduka yalikuwa yamekwisha fungwa. Watu wakaanza kusema, "Mwalimu yupo, atatengeneza," na maneno hayo yalinipendeza kuliko yalivyostahili kunipendeza. Nikachuna kipande cha waya, nikatoa nyuzi tatu za shaba, nikazisokota, nikazifunga juu ya ile fyuzi iliyokufa kutoka kifuniko hiki hata kile, kisha nikairudisha mahali pake. Mashine ikaimba. Wanawake wakapiga vigelegele. Mjomba akanishika mkono, akaniambia, "Ahsante, mpwa wangu. Elimu yako imetufaa leo."

Saa nane za usiku mkaza mjomba aliamshwa na harufu ya kitu kinachoungua. Katika chumba cha mbele, juu ya mkeka, walikuwa wamelala watoto wake wawili waliochoka na arusi. Alipofungua mlango alikuta chumba kimejaa moshi mzito, na pazia la dirisha linawaka. Akapiga kelele, akaingia, akawatwaa wale watoto, mmoja mkono huu na mmoja mkono huu, akatoka nao nje. Mjomba alikimbilia swichi kuu akazima umeme wote wa nyumba, ndipo sote wawili tukauzima moto kwa mchanga wa uani. Watoto hawakupata jeraha, ila walikohoa mpaka kulipokucha. Mashine iligeuka mkaa.

Asubuhi mjomba hakunikaripia. Aliketi barazani, akaitwaa mkononi ile fyuzi niliyoifunga nyuzi za shaba, akaigeuzageuza kwa muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mpwa wangu, kitu hiki kilitaka kutuambia neno, nawe ukakiziba kinywa." Sikuwa na la kujibu. Nililipa thamani ya mashine ile kwa mshahara wangu kidogo kidogo, ikanichukua zaidi ya mwaka mmoja kuimaliza. Na muda huo wote mjomba hakuwa na kitu cha kukodisha.

Basi, wasikilizaji wangu, fyuzi ile ilitaka kutuambia neno gani?

Umeme ukipita katika waya, huutia waya joto. Mwingereza mmoja aliyeitwa James Prescott Joule, mwana wa mtengenezaji pombe wa mji wa Salford, alilipima joto hilo kwa makini, na mwaka 1841 akaitangaza kanuni yake. Aliona ya kuwa mkondo wa umeme ukiwa mara mbili, joto lake huwa mara nne. Mkondo ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Kwa hiyo mkondo ukizidi kidogo tu, joto limekwisha zidi sana, na kitu chembamba kuliko vyote katika njia ile ndicho kitakachoungua kwanza.

Wenye kutengeneza vyombo vya umeme wakafikiri hivi: kwa kuwa umeme ukizidi lazima kitu fulani kiungue, afadhali tuchague wenyewe kitakachoungua. Kiwe kidogo, kiwe cha bei rahisi, kiwe mahali pa kufikika, nacho kifungiwe ndani ya kioo au kauri isiyoshika moto. Thomas Edison wa Marekani, aliyeeneza taa za umeme mijini, alipewa hati ya uvumbuzi kwa fyuzi ya namna yake mwaka 1890. Tangu zamani hizo sura zimebadilika mara nyingi, lakini fikira ni ile ile. Fyuzi ni mlinzi aliyewekwa langoni. Adui akija, yeye hufa kwanza, na kwa kufa kwake lango hufungwa.

Sasa tulitazame kosa langu kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Umeme wa nyumbani katika Tanzania ni wa volti 230. Katika Kenya na Uganda ni wa volti 240. Ukizidisha volti kwa ampea, hupata wati, yaani kiasi cha nguvu inayoingia katika chombo. Fyuzi ya ampea 2 kwa volti 230 ni wati 460. Hicho ndicho kiasi ambacho mtengenezaji hakutaka kipitwe kwa muda mrefu. Na ile shaba yangu je? Uzi mmoja wa shaba wenye unene wa sehemu mbili za kumi za milimita hauyeyuki mpaka upate karibu ampea 7. Kanuni ya kuhesabia jambo hili ilitolewa na mhandisi William Preece wa Uingereza katika miaka ya 1880. Nyuzi tatu pamoja ni kama ampea 20. Zidisha kwa volti 230, utapata wati 4,600. Birika la umeme la kuchemshia maji hutumia kama wati 2,000. Basi mimi mwalimu niliufungua mlango ambao kwao umeme wa mabirika mawili na zaidi ungeweza kuingia ndani ya sanduku moja la mashine, bila mlinzi, karibu na pazia, na watoto wamelala.

Kwa nini mkondo ulizidi usiku ule? Kwa sababu ya zile spika nne. Kila spika ina ukinzani wake, nao hupimwa kwa omu. Spika za mjomba zilikuwa za omu 8. Mbili zikiungwa sambamba, ukinzani wake pamoja hurudi kuwa omu 4. Nne zikiungwa hivyo, hurudi kuwa omu 2 tu. Na nyuma ya mashine paliandikwa wazi kwamba isipewe mzigo ulio chini ya omu 4. Kadiri ukinzani unavyopungua, ndivyo mashine inavyolazimika kutoa mkondo zaidi, na kuutwaa zaidi kutoka ukutani. Neno la fyuzi lilikuwa hili: "Mzigo umezidi, ondoeni spika mbili." Laiti tungalizitoa, tukakaa usiku mmoja na ngoma za mikono na nyimbo za vinywa, kesho yake tungalinunua fyuzi mpya, na kikuza sauti cha mjomba kingalikuwa kizima.

Sasa nitawaeleza kwa taratibu jinsi ya kubadili fyuzi. Aliye na karatasi na aandike.

Jambo la kwanza: hakikisha kwamba kosa ni la fyuzi. Chomeka taa au chombo kingine unachokijua kuwa ni kizima katika tundu lile lile la ukutani. Kama nacho hakiwaki, basi umeme haufiki pale, na mashine yako haina hatia. Kisha tazama plagi. Plagi ya pini tatu za mraba, iliyowekewa kanuni Uingereza mwaka 1947 na inayotumika sana katika nchi zetu, ina fyuzi yake yenyewe ndani, yenye urefu wa kama milimita 25. Kazi yake ni kuulinda waya unaotoka ukutani. Kwa chombo kisichozidi wati 700 hivi, yafaa fyuzi ya ampea 3, ambayo huwa na alama nyekundu. Ya ampea 13, yenye rangi ya kahawia, ni ya vyombo vya joto kama pasi na birika. Watu wengi huacha ya ampea 13 katika plagi ya redio ndogo, wala si vizuri. Plagi ya pini mbili za mviringo haina fyuzi kabisa. Hapo mlinzi wa mashine yako ni yule aliye ndani yake, pamoja na yule aliye katika swichi kuu ya nyumba.

Jambo la pili: chomoa plagi ukutani. Sisemi zima swichi, nasema chomoa. Swichi ya mashine yaweza kuwa imekata waya mmoja tu, na ule wa pili ungali una umeme. Iweke plagi mahali unapoiona kwa macho, mtoto asije akairudisha ukutani kwa kutaka kukusaidia.

Jambo la tatu: tafuta kijumba cha fyuzi. Katika mashine nyingi kiko nyuma. Huenda kikawa kifuniko cheusi cha mviringo kinachofunguliwa kwa kukisukuma na kukizungusha kwa vidole au kwa bisibisi. Huenda kikawa kisanduku chembamba kama mtoto wa meza, chini ya mahali waya wa umeme unapoingia. Hicho huvutwa kwa ncha ya bisibisi ndogo, na mara nyingi ndani yake mna fyuzi ya pili ya akiba iliyowekwa na mtengenezaji. Ukiona nyuma ya mashine hamna kijumba, basi fyuzi imo ndani, na hapo kazi yako imekwisha, mpelekee fundi. Nitaeleza sababu yake baadaye.

Jambo la nne, nalo ndilo watu wengi wanalolisahau: soma jinsi fyuzi ilivyokufa. Inua kijibomba kile mbele ya mwanga. Kama uzi umekatika katikati kwa utulivu, na kioo kingali safi, maana yake mkondo ulizidi kidogo kwa muda. Mzigo ulikuwa mwingi, au fyuzi imechoka kwa miaka yake. Kama kioo kimekuwa cheusi, au kimepakwa madini ndani mpaka kinang'aa kama kioo cha kujitazamia, maana yake mkondo ulikuja kwa kishindo. Mahali fulani ndani ya mashine pana nyaya zilizogusana au kiungo kilichokufa. Fyuzi ya namna hiyo usiihangaikie kuibadili. Ukiweka mpya, nayo itakufa mara moja. Mashine ni mgonjwa wa kupelekwa kwa fundi.

Pengine uzi hauonekani vizuri, au fyuzi ni ya kauri nyeupe isiyopenya mwanga. Fundi hutumia mita, lakini kama huna mita, kurunzi ya madini yatosha. Fungua kifuniko cha chini cha kurunzi, iwashe swichi yake, kisha ulaze fyuzi hivi: kifuniko chake kimoja kiguse kitako cha betri, na cha pili kiguse ukingo wa madini wa kurunzi. Taa ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, imekatika. Kipimo hiki hufanywa fyuzi ikiwa imekwisha tolewa katika mashine, wala si vinginevyo.

Jambo la tano: soma maandishi yaliyo juu ya vifuniko vya fyuzi. Ni madogo sana, huenda ukahitaji miwani. Mfano mmoja ni huu: T, kisha 2 A, kisha L, kisha 250 V. Kila alama ina maana yake, nami nitazieleza moja moja.

Ile hesabu ya ampea mnaijua sasa. Fyuzi mpya iwe ya ampea zile zile. Kama zile zile hazipatikani, ndogo kidogo yaweza kutumiwa kwa muda, na ubaya wake ni kukatika upesi tu. Kubwa zaidi kamwe usiitie. Mtu akikuambia dukani, "Chukua hii ya ampea 10, haitakatika tena," amekuambia kweli. Haitakatika, na kitakachoungua ni mashine.

Herufi F ina maana kwamba fyuzi ni ya haraka. T ina maana kwamba ni ya subira. Kwa nini pawepo fyuzi ya subira? Kikuza sauti kikubwa kina transfoma, na kina kapasita, yaani vichupa vinavyohifadhi umeme. Wakati wa kuwashwa, transfoma huvuta umeme mwingi kwa kitambo kidogo sana, na kapasita zilizo tupu huvuta umeme kama mchanga mkavu unavyonywa maji. Halafu mambo hutulia. Fyuzi ya subira huvumilia kishindo hicho cha kwanza, ambacho si ugonjwa, lakini mkondo ukizidi kwa muda hukatika. Ukitia ya haraka mahali pa ile ya subira, huenda ikakatika kila uwashapo, hata mashine ikiwa nzima, nawe ukadhani umerogwa. Na ukitia ya subira mahali pa ile ya haraka, huenda kiungo chororo kikafa kabla mlinzi hajaamka.

Herufi L na H zaonyesha uwezo wa fyuzi kuukata mkondo mkubwa bila kupasuka. Zile za kioo aghalabu ni L. Zile za kauri zilizojazwa mchanga safi aghalabu ni H. Uzi unapoyeyuka, mchanga ule huuzima mmuliko wa moto, na fyuzi huweza kukata mkondo wa mamia mengi ya ampea. Basi ukiitoa ya kauri, irudishe ya kauri. Na zile volti 250 ni mpaka wa juu. Fyuzi iliyoandikwa volti 32 ni ya motokaa. Usiitie katika mashine ya umeme wa nyumba, hata kama ukubwa na ampea zake ni sawa.

Jambo la sita: kabla ya kuwasha, ondoa ile sababu uliyoisoma. Toa spika zilizozidi. Tazama nyaya za spika kama ncha zake hazikugusana. Ondoa kitambaa kilichofunika matundu ya hewa juu ya mashine, maana mashine huhitaji kupumua. Tazama kama nyuma pana swichi ya kuchagua volti, kama ile ya 115 na 230. Mtoto akiichezea na kuiweka kwenye 115, umeme wetu utaiua fyuzi mara tu utakapowasha, na pengine mashine pamoja nayo. Kisha tia fyuzi mpya, funga kijumba chake, rudisha sauti mpaka chini kabisa, chomeka plagi, uwashe. Kaa karibu nayo kwa robo saa. Nusa. Iguse kwa mkono kama inapata joto lisilo la kawaida.

Na sasa nasema sheria moja ambayo ningependa ikumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa. Fyuzi ikikatika, badili mara moja, kwa fyuzi ya namna ile ile. Ikikatika tena, simama. Usitie ya tatu, wala usitie kubwa zaidi, wala usifunge shaba, wala msumari, wala jaribosi ya paketi ya sigara. Mlinzi mmoja akifa langoni, huenda ni ajali. Wawili wakifa mahali pamoja, adui yumo ndani.

Nilisema nitaeleza kwa nini mtu wa kawaida asifungue sanduku la mashine. Zile kapasita nilizozitaja huhifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa. Katika mashine nyingi za siku hizi umeme wa ukutani huingia moja kwa moja katika kapasita, ukakaa humo kwa kama volti 325. Katika vikuza sauti vya taa za kioo, vile wanavyovipenda wapigaji magitaa, waweza kuwa volti 400 na zaidi. Mara nyingi umeme huo hupungua wenyewe baada ya kitambo, lakini kama ile njia ya kuupunguza imekatika, hukaa ukingoja mkono wa mtu. Fundi anajua kuupima na kuutoa. Anajua pia kuunga mashine kwa mfululizo pamoja na taa ya zamani ya uzi wa moto, ili kama pana nyaya zilizogusana, taa iwake kwa nguvu badala ya mashine kuungua. Maarifa hayo yana wenyewe, na si aibu kuwalipa.

Wako wasikilizaji watakaosema, "Sisi kijijini kwetu hatuna umeme wa nyumba, redio yetu hutumia betri ya volti 12 inayojazwa kwa jua." Nanyi pia sikilizeni. Betri ya namna hiyo haitakurusha kwa kuigusa, lakini nyaya zake zikigusana huweza kutoa mkondo wa mamia ya ampea, na waya ukawa mwekundu kama chuma cha mhunzi. Basi tia fyuzi katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri, wala si karibu na redio. Maana sehemu ya waya iliyo kati ya betri na fyuzi haina mlinzi. Fyuzi bapa za motokaa zafaa, nazo hutambulikana kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, njano ni 20. Chagua kwa kuufuata waya wako na chombo chako, wala si kwa kuipenda rangi.

Mwisho, nawaombeni jambo dogo. Kesho kukicha, itazameni mashine yenu nyuma, msome ni fyuzi gani inayotakiwa. Aghalabu imeandikwa karibu na kijumba chake. Nunueni mbili za namna ile ile, mzifunge katika karatasi pamoja na jina la mashine, mzitie katika kikopo karibu nayo. Bei yake ni ndogo kuliko ya santuri moja. Usiku wa arusi, maduka yakiwa yamefungwa na watu wakipiga kelele kwamba mwalimu yupo, kikopo kile kitakuokoa na majaribu yaliyonishinda mimi.

Mjomba wangu alipata mashine nyingine hatimaye. Nilipokwenda kumwamkia mwaka uliofuata, aliniongoza mpaka chumba cha mbele, akanionyesha kikopo cha kahawa juu ya rafu, na ndani yake fyuzi sita, zote za ampea 2, zote za subira. Wale watoto wawili walikuwa wameketi mkekani wakisikiliza nyimbo. Mkubwa wao akaniuliza kwa adabu kama ni kweli kwamba mimi ndiye niliyeichoma mashine ya kwanza. Nikamwambia kweli, ni mimi. Kisha nikamfundisha kuisoma ile herufi T.